Je, Wajua? Nyota wa Ujerumani aliyelima Momella

Msafiri anayetoka Mwika, akapita Himo na Moshi hadi Usa River, akikata kulia hufika Momella. Je, wajua kwamba nyota wa sinema Hardy Krüger aliwahi kuwa na shamba huko?

Alizaliwa Berlin mwaka 1928. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1944. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 16, akalazimishwa kuingia vitani katika kikosi cha SS. Ni kijana aliyeibiwa ujana wake, na uzeeni alisimama hadharani kuwapinga wafuasi wa siasa za Kinazi.

Vita vilipokwisha alirudi kwenye uigizaji, na mwaka 1957 akapata jina Uingereza kwa kuigiza rubani mfungwa anayetoroka. Kisha mwongozaji Howard Hawks akamleta Tanganyika kucheza Hatari!, filamu ya wakamata wanyamapori iliyotoka 1962. Aliigiza dereva Kurt. Wanyama walikuwa wa kweli: mwigizaji mwenzake John Wayne alikaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, ameshika mti wenye kitanzi, huku kifaru akitimua vumbi ubavuni mwake. Inasisimua hadi leo!

Wenzake walirudi kwao. Krüger akanunua shamba, akaishi hapo zaidi ya miaka 10, akiitazama theluji ya Kibo upande wa mashariki. Mwaka 1970 alichapisha kitabu kuhusu shamba hilo.

Alifariki Januari 2022 huko California, akiwa na miaka 93. Huko Momella, makazi yake ya zamani sasa hupokea wageni kwa jina la Hatari Lodge.