DAMU YAKO INASEMA NINI JUU YA MOYO WAKO?

Mama, ukikuja kliniki tunachoma kidole chako na kutoa tone la damu, ili tujue kama una malaria ao upungufu wa damu. Wamama wengi wanatuuliza: « Je, damu hii inaweza kuonyesha kama moyo wangu utashikwa kwa ghafula? » Jibu: inaonyesha kidogo, lakini si yote.

Moyo ni msuli, nao unakula kwa njia ya damu. Mishipa yake ni myembamba. Mafuta yakishikamana ndani, ni kama mfereji wa kuoshea zahabu uliojaa mchanga: maji hayapiti tena. Sehemu ya moyo isiyopata damu inakufa.

Labo inatafuta nini?

1. Kolesteroli. Ni mafuta yaliyo ndani ya damu. Ile inayoitwa LDL ndiyo inayoziba mishipa. Lakini wakati wa mimba kolesteroli inapanda yenyewe. Usiogope bure, ngoja upimwe kiisha kuzaa.

2. Sukari. Asubuhi, mbele ya kula, ikifika miligramu 126 kwa desilita ao zaidi, na kipimo cha pili kikisema vile vile, ni ugonjwa wa sukari. Huo unaharibu mishipa pole pole.

3. CRP. Inapanda kama kuna uvimbe mwilini. Lakini malaria pia inaipandisha. Kwa hiyo hapa kwetu haiwezi kutuambia mengi juu ya moyo.

4. Troponini. Hii haisemi mambo ya kesho. Inatoka katika msuli wa moyo uliokwisha kuumia. Saa za kwanza inaweza kuwa chini bado, ndiyo maana wanairudilia.

Na kama hakuna labo? Usikate tamaa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa majedwali yanayopima hatari bila damu, kwa watu wa miaka 40 mpaka 74. Yanauliza umri, mume ao mke, tumbaku, tansiyo, na uzito ukilinganishwa na urefu.

Wewe mama kijana, sikiliza vizuri. Kama wakati wa mimba tansiyo ilipanda na mkojo ulionyesha protini, hatari ya ugonjwa wa moyo miaka ya mbele inakuwa karibu mara mbili. Wengi wanafikiri mambo yalikwisha mtoto alipozaliwa. Hapana! Chunga karatasi yako ya kliniki, mwonyeshe munganga, na upimwe tansiyo kila mwaka. Punguza chumvi, acha tumbaku, tembea kwa miguu.

Mwishoni, kumbuka neno hili: kifua kikibana, maumivu yakienda kwenye mkono ao taya, jasho baridi likitoka, pumzi ikikatika, usingoje karatasi ya labo. Mara nyingine mwanamke anasikia tu kichefuchefu na kuchoka sana. Usiseme « ni tumbo tu », usingoje asubuhi. Kuja hospitali upesi, hata usiku.