Ofisi ya Gavana wa Kaunti: Kazi Yake, Muundo Wake na Wajibu Wetu Waamini



Zahanati ya kijiji ikikosa dawa, wengi wetu huilaumu "serikali" na kuishia hapo. Wengine humwendea mbunge, wengine chifu, na wengine husubiri msafara wa gavana upite ili wapaaze sauti kando ya barabara. Mbunge hana mamlaka juu ya zahanati hiyo. Chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Gavana ndiye anayehusika, lakini bajeti ya dawa za mwaka huu ilipitishwa miezi mingi kabla ya siku hiyo, na huenda hakuna hata mmoja wetu aliyefika kutoa maoni ilipokuwa ikijadiliwa.

Tunaandika makala hii kwa ajili ya waamini wa parokia zetu hapa Kenya, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, makatekista, na waseminari wenzetu ambao kesho watakuwa wachungaji wa watu wanaoishi chini ya serikali za kaunti. Tunataka kueleza ofisi ya gavana inafanya nini, imepangwa vipi, inasimamiwa na nani, na sisi tuna nafasi gani ndani yake.

Ugatuzi ulitoka wapi?

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda serikali za kaunti 47, na magavana wa kwanza walichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Kabla ya hapo, maamuzi mengi yalifanywa Nairobi na kuteremshwa kupitia wakuu wa mikoa na wilaya, ambao hawakuchaguliwa na wananchi waliowatawala. Ibara ya 174 inataja malengo ya ugatuzi, na miongoni mwayo ni kuwawezesha wananchi kushiriki katika maamuzi yanayowahusu, kulinda maslahi ya jamii ndogo na zilizotengwa, na kugawana rasilimali kwa usawa kote nchini.

Mkatoliki anayesoma ibara hiyo atakumbuka jambo analolifahamu. Mwaka 1931, katika waraka wake Quadragesimo Anno, Papa Pius XI alifafanua kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitekeleza yenyewe, si haki jumuiya kubwa kulinyakua; kazi ya jumuiya kubwa ni kuisaidia ile ndogo pale inaposhindwa. Kanuni hiyo haikomei kwenye makao makuu ya kaunti. Madaraka yakiondoka Nairobi na kukusanyika yote mikononi mwa gavana mmoja, bado hayajamfikia mwananchi. Ndiyo maana Katiba na sheria zimegawa kazi za ofisi hii kwa watu wengi na kuiwekea walinzi.

Gavana ni nani?

Gavana ndiye mtendaji mkuu wa kaunti. Huchaguliwa moja kwa moja na wapigakura siku ile ile ya uchaguzi mkuu, na anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye mshindi. Hahitaji kupita nusu ya kura kama Rais. Hawezi kushika wadhifa huo kwa zaidi ya vipindi viwili.

Kazi zake zimeorodheshwa katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Huteua mawaziri wa kaunti na kuwagawia idara. Huongoza vikao vyao. Huwasilisha mipango na sera za kaunti mbele ya Bunge la Kaunti ili ziidhinishwe. Huhutubia bunge hilo kila mwaka kuhusu hali ya kaunti na kulipa ripoti ya utekelezaji wa mipango. Mswada ukipitishwa, gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Gavana hatungi sheria peke yake, na hawezi kutumia fedha ambazo Bunge la Kaunti halikuidhinisha.

Walio chini yake

Wa kwanza ni naibu gavana. Huyu huchaguliwa pamoja na gavana kama mgombea mwenza, kwa hiyo gavana hawezi kumfuta kazi kama anavyoweza kumfuta waziri. Kiti cha gavana kikibaki wazi, naibu ndiye anayemaliza kipindi kilichobaki. Ilikuwa hivyo Nyeri mwaka 2017 baada ya kifo cha Gavana Wahome Gakuru, na Bomet mwaka 2019 baada ya kifo cha Gavana Joyce Laboso.

Kisha kuna Kamati Kuu ya Kaunti, yaani gavana, naibu wake na wale tunaowaita mawaziri wa kaunti: wa afya, kilimo, fedha, maji na idara nyingine. Mawaziri hawaruhusiwi kuwa wawakilishi wa wadi, na ni lazima Bunge la Kaunti liwaidhinishe. Idadi yao ina mpaka. Bunge lenye wajumbe 30 au zaidi, mawaziri hawazidi 10. Lenye wajumbe wachache zaidi, mawaziri hawazidi thuluthi moja ya wajumbe hao.

Katibu wa Kaunti ndiye mkuu wa watumishi wa umma wa kaunti na mtunza kumbukumbu za vikao vya Kamati Kuu. Chini ya kila waziri kuna afisa mkuu wa idara, ambaye huendesha kazi za kila siku na kuwajibika kwa fedha za idara. Watumishi wengine huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, ili kazi isigawanywe kwa kufuata ukoo au kadi ya chama.

Ngazi zilizo karibu nasi zaidi ndizo wengi wetu tusizozijua. Kila kaunti ndogo ina msimamizi wake, kila wadi ina msimamizi wake, na pale vijiji vilipoundwa kisheria kuna msimamizi wa kijiji. Hawa ni watumishi wa serikali ya kaunti. Tusiwachanganye na kamishna wa kaunti, naibu kamishna, chifu na naibu wa chifu, ambao wako chini ya serikali ya kitaifa. Mfereji wa maji ya mvua ukiziba sokoni, nenda kwa msimamizi wa wadi. Ukihitaji barua ya kuombea kitambulisho, nenda kwa chifu.

Kazi za kaunti ni zipi?

Jedwali la Nne la Katiba linataja majukumu 14 ya kaunti. Makubwa kwa maisha ya kila siku ni haya: kilimo na mifugo, zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa, barabara za kaunti na taa za mitaani, masoko na leseni za biashara, maji na usafi, uzoaji taka, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, huduma za zimamoto, na makaburi.

Shule za msingi na sekondari, polisi, mahakama, barabara kuu za kitaifa, na hospitali za rufaa za kitaifa kama ile ya Kenyatta, hizo ni za serikali ya kitaifa. Anayemlaumu gavana kwa upungufu wa walimu wa sekondari anampelekea deni lisilo lake. Na gavana anayeahidi kuajiri polisi anaahidi asichoweza kutoa. Wakati wa kampeni, kujua mpaka huu kunatuwezesha kupima ahadi.

Fedha, na kalenda yake

Katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kaunti huongezea mapato yake yenyewe: kodi za ardhi, ushuru wa soko, leseni na ada za maegesho. Hakuna shilingi inayotolewa katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye hayuko chini ya gavana. Baadaye Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huchunguza zilivyotumika.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni tarehe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha kila idara itapata kiasi gani, hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili na kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayetaka zahanati ya kijiji chake ipate muuguzi na dawa anapaswa kusema kati ya Agosti na Mei. Akingoja Julai, atakuwa anaomba fedha ambazo tayari zimepangiwa kazi nyingine.

Sheria hiyo hiyo inaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, linaloongozwa na gavana. Nusu ya wajumbe wengine si maafisa wa kaunti, bali ni watu waliopendekezwa na mashirika ya wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, na makundi ya kidini. Yaani nafasi ya waamini mezani imeandikwa katika sheria. Ni vema kila dekania ijiulize: katika kaunti yetu, nani anakaa katika nafasi hiyo, na huwa anatuletea taarifa gani?

Nani humsimamia gavana?

Wa kwanza ni Bunge la Kaunti, yaani wawakilishi wa wadi tuliowachagua. Wao hupitisha bajeti, huhoji mawaziri, na wanaweza kuanzisha hoja ya kumwondoa gavana. Sababu zinazokubalika zimetajwa katika Ibara ya 181: ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, sababu nzito za kuamini kwamba ametenda kosa la jinai, matumizi mabaya ya ofisi au mwenendo mbaya uliokithiri, na kutoweza kazi kimwili au kiakili. Hoja inahitaji kuungwa mkono na thuluthi mbili ya wajumbe wote, kisha Seneti husikiliza mashtaka na kuamua. Mahakama nazo zinaweza kupitia uamuzi huo, kama ilivyotokea kwa Martin Wambora wa Embu, aliyeondolewa mwaka 2014 na kurudishwa na mahakama.

Mwaka 2020 Seneti iliwaondoa magavana wawili: Ferdinand Waititu wa Kiambu mwezi Januari na Mike Sonko wa Nairobi mwezi Desemba. Kiambu, naibu James Nyoro aliapishwa na kazi ikaendelea. Nairobi haikuwa na naibu, kwa sababu Polycarp Igathe alijiuzulu Januari 2018 na kiti chake kilikuwa bado hakijajazwa. Spika wa Bunge la Kaunti alilazimika kukaimu mpaka Ann Kananu aidhinishwe na kuapishwa. Hapo tunaona kwamba kila kiti katika muundo huu kina sababu yake, na gavana anayeacha viti wazi anaiweka kaunti nzima hatarini.

Sisi waamini tufanye nini?

Kwanza, tuache kumwona gavana kama mfadhili. Mara nyingi tunamwalika kwenye harambee ya kanisa, tunampa kipaza sauti, na kupokea bahasha. Baada ya hapo ni nani kati yetu atakayemuuliza habari za zahanati? Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto na Gavana Johnson Sakaja walikuwa wametoa katika kanisa moja la Soweto jijini Nairobi. Parokia ile ilikuwa na mahitaji ya kweli, na kurudisha fedha kuliuma. Lakini Kanisa lililofungwa mdomo kwa sadaka haliwezi kuwatetea maskini wake.

Pili, tushike nafasi zetu. Mapadre hawagombei ugavana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 285, inawakataza wakleri kushika nyadhifa zinazoshiriki mamlaka ya kiraia. Uwanja huo ni wa walei, na kwao ni sehemu ya wito wao. Kazi ya padre ni kuwaandaa: kuwafundisha Mafundisho Jamii ya Kanisa, na kutangaza kikao cha bajeti baada ya Misa kama tunavyotangaza ndoa.

Tatu, jumuiya ifuatilie jambo moja tu kwa mwaka mzima: zahanati, kisima au barabara ya soko. Waandike ombi wakilitaja kwa jina la kijiji, walipeleke kwa msimamizi wa wadi na mwakilishi wa wadi kabla ya Februari, na Julai waulize kama limeingia katika bajeti. Wakinyimwa jibu, Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria inawaruhusu kuwasilisha malalamiko rasmi kwa maandishi.

Septemba inapokaribia, jumuiya zetu zinaweza kuanza na hatua ndogo: kuomba katika ofisi ya wadi nakala ya mpango wa maendeleo wa mwaka, kuusoma pamoja baada ya sala, na kutafuta jina la kijiji chao ndani yake. Kama halimo, bado kuna muda wa kuliingiza.