Fahamu: Lenzi bandia ya jicho inapohama
Mkazi wa Tarime au Mugumu, Serengeti, aliyeondolewa mtoto wa jicho akaona vizuri kwa miaka, kisha akaanza kuona ukungu au vitu viwiliviwili, asiulaumu uzee upesi. Huenda lenzi bandia aliyowekewa wakati huo imehama.

Lenzi hiyo hukaa katika kifuko kinachoshikiliwa na nyuzi nyembamba mno. Pigo la jicho huweza kuzikata. Harold Ridley, aliyepandikiza lenzi ya kwanza London mwaka 1949, alikumbana na tatizo hilohilo la lenzi kuhama.

Daktari bingwa huirudisha, huibadilisha au huishonea kwenye ukuta mweupe wa jicho. Mwaka 2017, Mjapani Shin Yamane alichapisha njia ya kuishikiza bila mshono.

Kwa wakazi wa mkoa wa Mara, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Anayeona vimulimuli au pazia jeusi awahi siku hiyohiyo: retina, utando wa ndani nyuma ya jicho, inaweza kuwa inabanduka.