Injini ndogo ya mvuke si mchezo: namna ya kuiunda, kuipaka rangi na kuitengeneza

KATA ya Mtawanya, wilayani Kibiti, haipitiwi na reli. Reli ya Kati hutoka Dar es Salaam na kuelekea magharibi, nayo TAZARA hukata kusini-magharibi. Atokaye Kibiti husafiri kwa barabara iendayo Lindi na Mtwara. Hata hivyo, nguvu ya mvuke si ngeni katika delta ya Rufiji. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha Salale baada ya injini yake ya mvuke kuharibika, na sehemu iliyoharibika ikabidi isafirishwe kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Meli ile kubwa, pamoja na mizinga yake yote, ilikaa ikimsubiri fundi.

Somo hilo lingali na maana. Mashine ya mvuke huwa na thamani pale tu palipo na mtu ajuaye kuiunda na kuitengeneza. Leo maarifa hayo yanazidi kupungua: vichwa vya treni vya Reli ya Kati na TAZARA ni vya dizeli, na tangu mwaka 2024 treni za umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Njia mojawapo ya kuyahifadhi, hata mahali pasipo na reli, ni kuunda kichwa kidogo cha treni kinachokwenda kwa mvuke wa kweli juu ya reli ya nyumbani.

Mfano na kipimo

Mfano mzuri uko Nairobi, katika makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo vimehifadhiwa vichwa viwili vya daraja la 59, Mount Gelai na Mount Shengena, vyenye majina ya milima ya Tanzania. Vichwa vya daraja hilo vilikuwa 34, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7 na uzito wa takriban tani 256.

Waundaji wa treni za bustanini katika nchi nyingi hutumia reli yenye upana wa milimita 45. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja; ukigawanya kwa 22.5 unapata milimita 44.4, karibu sawa na hiyo. Basi, kila kipimo kikipunguzwa mara 22.5, Mount Gelai itakuwa na urefu wa mita 1.41. Uzito hupungua zaidi, kwa kuwa hufuata urefu, upana na kimo kwa pamoja: tani 256 zitabaki kilo 22 na nusu hivi. Anayeanza ni heri achague kichwa kifupi chenye magurudumu manne.

Boila

Kitu kimoja hakipungui hata kidogo, nacho ni ukali wa mvuke. Maji yakichemka na kugeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kwa sababu hiyo boila ndogo ikipasuka huweza kumuunguza mtu vibaya, hata kumuua. Kopo la maziwa au la rangi lililozibwa kwa risasi lisitumiwe kamwe, kwani risasi huyeyuka upesi maji yanapokauka.

Mafundi hutumia bomba nene la shaba nyekundu, na maungio yake hulehemiwa kwa mchanganyiko wenye madini ya fedha, unaoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 600. Boila iwe na geji ya kuonyesha shinikizo na valvu ya usalama inayofunguka yenyewe mvuke unapozidi. Kabla ya kuwashwa moto, ijazwe maji baridi na kushindiliwa kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya shinikizo la kazi. Kama itafanya kazi kwa bar 3, ijaribiwe kwa bar 6. Maji baridi hayatanuki kama mvuke. Ungio likiachia, yatatoka matone, si mlipuko.

Silinda na magurudumu

Silinda na pistoni huchongwa kwa mashine ya kerezo. Kwa kawaida kichwa huwa na silinda mbili, na mikono yake hufungwa kwenye magurudumu kwa kupishana robo ya mzunguko. Hivyo pistoni moja ifikapo mwisho wa mwendo wake na kukosa nguvu, nyingine huwa katikati ikisukuma, na injini haikwami.

Rangi

Vichwa vya daraja la 59 vilipakwa rangi ya damu ya mzee. Kabla ya kupaka, chuma kisuguliwe kwa msasa na kuondolewa mafuta yote, kisha ipakwe rangi ya msingi. Rangi yenyewe ipakwe nyembamba mara kadhaa, kila mkono ukiachwa ukauke kabisa. Sehemu ya mbele yenye bomba la moshi hupata joto kali, hivyo huhitaji rangi nyeusi inayostahimili moto.

Matengenezo

Adui mkubwa wa pwani ni chumvi. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya boila. Afadhali maji safi ya mvua yaliyochujwa. Kila baada ya kazi, maji yamwagwe, silinda zitiwe mafuta na chuma kipanguswe. Mvuke ukivuja penye fimbo ya pistoni, mara nyingi ni kizibo kilicholika, nacho hubadilishwa bila kuvunja kitu.

Kijana wa Mtawanya ajuaye kukunja bati na kupiga tupa anao mwanzo wa kazi hii. Aanze na michoro, mabehewa na magurudumu, ambayo hayamdhuru mtu. Boila aiache iwe ya mwisho, na aiunde chini ya uangalizi wa fundi aliyesomea ulehemu wa shaba. Kabla haijapita majaribio ya maji, isiwashwe hata kwa dakika moja.