Mgeni aje Uluguru, mwenyeji apone

Mgeni anayefika Mazimbu, Morogoro, hukuta hazina mbili. Ya kwanza ni majengo ya Chuo cha Solomon Mahlangu, ambacho wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini walikijenga kwenye lililokuwa shamba la mkonge, ardhi waliyopewa na Tanzania mwaka 1977. Makaburi ya wenzao waliofia ugenini yangali pale, na tangu chuo kilipokabidhiwa kwa nchi yetu mwaka 1992, majengo hayo yanatumiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Hazina ya pili ni milima ya Uluguru, yenye misitu ya asili na ndege wasiopatikana kwingine duniani.

Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, mkazi wa jiji hilo anaweza kupanda mlima na kurudi kwake jioni. Lakini akija na chakula chake, akafika Morningside, nyumba iliyojengwa na Wajerumani, akapiga picha na kushuka, kijiji kimebakiwa na chupa tupu za maji. Yule anayechukua kijana wa pale amwongoze njia, akala ndizi kwa mama lishe na kulala kijijini, fedha yake huingia nyumba nyingi.

Waluguru, wenyeji wa milima hii, wanajua gharama ya kupangiwa mambo. Mwaka 1955 walipinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, na huko Matombo mtu mmoja aliuawa. Udongo ulihitaji kweli kulindwa. Kosa lilikuwa kumwamrisha mkulima bila kumsikiliza.

Utalii usirudie kosa hilo. Viwango vya malipo vijadiliwe kwenye mkutano wa kijiji, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mtu ayasome. Wanawake wawe na kauli katika mgawo, hasa katika jamii hii ambayo ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Wanafunzi wa utalii wa SUA wawafunze vijana wa vijijini kuongoza wageni, nao wajifunze kwao majina na matumizi ya miti.

Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, unapata maji yake Uluguru. Mkulima anayeilinda misitu ya milima hiyo anastahili kuona faida yake kwenye mahitaji ya shule ya mwanawe na dawa za zahanati yake.