Roboti Imeshika Mpira Lini?

Mwalimu mmoja wa fizikia hapa Turbo, Uasin Gishu, anayekaa na wanafunzi jioni wakiunda roboti, alinisomea kanuni ambayo haijanitoka akilini. Ni ya Aerial Assist, mchezo wa mwaka 2014 wa mashindano ya FIRST, yaliyoasisiwa na mvumbuzi Mmarekani Dean Kamen.

Kila upande roboti tatu na mpira wake mkubwa wa kipenyo cha sentimita 60 hivi, uwanja wenye kanda tatu. Goli la juu lilikuwa na pointi 10. Lakini roboti zote tatu zikiushika mpira kabla ya kufunga, kila moja katika ukanda tofauti, ziliongezewa 30. Pasi ikalishinda goli kwa thamani.

Hili ndilo linalompendeza mwalimu. Roboti duni, isiyoweza kurusha chochote, ilikuwa na kazi: kuupokea mpira kutoka pembeni, kuubeba kidogo, kuuachia. Wenye mashine za fahari walilazimika kuingoja.

Sasa, kushika ni nini? Kanuni ilitaja njia nne: kuubeba mpira, kuuswaga, yaani kuusukuma au kuugonga tena na tena, kuurusha kwa kifaa kinachosogea, na kuubana ili wengine wasiufikie. Mpira ukigonga roboti mara moja ukadunda, haujashikwa. Ukisukumwa kwa sababu tu ulikuwa njiani, vilevile haujashikwa.

Kwa watoto wa Uasin Gishu, mwalimu huanza na mbio za kupokezana vijiti. Kupokezana huanza mpokeaji anapokigusa kijiti, huisha kikiwa mkononi mwake peke yake, na mwamuzi hutazama kilipo kijiti, si miguu ya mkimbiaji. Hapo wanaelewa upesi. Kisha anawakumbusha kwamba roboti haina kiganja, na kwamba waamuzi wa 2014 walihesabu kila mshiko kwa macho, mechi nzima ikiwa dakika mbili na nusu.

Nilipokuwepo, kiroboti chao cha magurudumu manne kiliugusa mpira, ukabiringika, kikaugusa tena. Msichana mwenye filimbi akapuliza: umeshikwa. Mwenzake aliyeshika rimoti akakataa katakata. Alikuwa akipinda kona, mpira ukamfuata.

Nilimuuliza mwalimu nani ana haki. Kanuni, akasema, haikutaja ni mara ngapi. Wala haikumweleza mwamuzi jinsi ya kujua nia ya dereva.