Diski ya RAM: Kasi Inayodumu Hadi Stima Ikatike

Diski ya RAM ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyotengwa itumike kama diski. Programu ndogo huchukua, kwa mfano, GB 2 kati ya GB 8 za RAM na kuipa sehemu hiyo herufi yake, tuseme R. Mtumiaji huiona kando ya diski nyingine na huhifadhi, hufungua na kufuta faili humo kama kawaida.

Mbinu hii si ngeni. PC-DOS 3.0 ya mwaka 1984 ilikuja na VDISK kwa kazi hiyo hiyo, na leo Linux ina tmpfs.

Kasi yake inatokana na umbo la vifaa. Ndani ya diski ngumu mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hakina budi kusogea hadi faili ilipo. Hapo hupotea takriban milisekunde 10 kila safari, na usomaji wenyewe mara nyingi hauzidi MB 150 kwa sekunde. SSD ya SATA, isiyo na sehemu inayozunguka, hufika karibu MB 550. RAM ya DDR3-1600 inaweza kupitisha hadi GB 12.8.

Katika saiba za Kisii, Keroka na Nyamira nchini Kenya, ambako watu hujaza ritani za kodi za KRA, huomba vyeti kupitia eCitizen na kuskani stakabadhi, faida huonekana kwenye faili za muda: za kivinjari, za skana na za kuhariri picha. Sharti ni RAM iwe imebaki kweli. Kwenye mashine ya GB 4, kutenga GB 2 huilazimisha Windows kuhamishia kazi kwenye diski ngumu, na kompyuta huzidi kukokota. Kipimo ni rahisi: saa ya wateja wengi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, utazame kumbukumbu iliyotumika. Isitoshe, Windows yenyewe huitumia RAM iliyobaki kuwekea faili zinazofunguliwa mara kwa mara.

Hatari ni stima. Kila chembe ya RAM hushika chaji kidogo inayovuja, hivyo huchajiwa upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Umeme ukikatika, yote hufutika. Katika milima ya Gusii, iliko miji hiyo, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huleta mvua ya radi alasiri nyingi, na stima huenda nayo. UPS, yaani betri ya akiba, hutoa dakika chache tu za kunakili kilichomo.

Kwa hiyo barua ya mteja, picha za pasipoti au risiti ya ritani hazifai kukaa humo. Saiba ambayo bado ina diski ngumu inunue SSD kwanza. Diski ya RAM ifuate pale tu kumbukumbu inapobaki.